Kabla ya Kukata Stempu ya Zamani, Soma Muhuri Wake

Katika nyumba nyingi kuanzia Tiwi hadi Vanga, na bara kule Kinango, kuna sanduku, mkoba wa ngozi au kopo la biskuti ambamo wazee waliweka makaratasi yao. Humo mna barua zilizotoka Unguja, Aden au Bombay, risiti za duka, hati ya kuuziana shamba la minazi, na pengine barua moja ya kijana aliyekwenda vitani na K.A.R. akaandika nyumbani mara chache. Juu ya makaratasi hayo mara nyingi pamebandikwa stempu yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza.

Watu wanaotafuta stempu za kikoloni wapo, na wanunuzi wake hufika hadi vijijini. Linalotokea mara nyingi ni lile lile: mwenye nyumba huchukua mkasi, hukata stempu moja moja kufuata ukingo wake, hupokea bei isiyozidi ya pakiti mbili za unga, kisha karatasi zilizobaki hutupwa au huwashiwa moto. Kwa mkasi huo hupotea vitu viwili. Cha kwanza ni fedha, kwa kuwa stempu iliyokatwa hivyo huwa imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Cha pili ni ushahidi wa familia, na hicho hakirudishiki kwa bei yoyote.

Kinachokatika ni muhuri. Stempu yenyewe huonyesha tu ni serikali gani iliyoitoa na kwa bei gani, na nyingine za namna hiyo zilichapishwa kwa mamilioni. Muhuri uliogongwa juu yake ndio unaosema stempu ile ilitumika wapi, siku gani, na kwa kazi gani. Nusu ya muhuri huwa juu ya stempu na nusu nyingine juu ya bahasha au karatasi, kwa hiyo ukitenganisha viwili hivyo umekata sentensi katikati.

Duara la tarehe

Kazi ya kwanza ya muhuri wa posta ni kuifuta stempu ili mtu asiibandue na kuitumia tena. Uingereza ilipotoa stempu ya kwanza duniani mwaka 1840, karani alikuwa na muhuri mmoja wa kufuta, uliokuwa na umbo la msalaba na usio na jina la mji, na mwingine wa tarehe aliougonga pembeni. Kugonga mara mbili kulichosha watu, na baadaye kazi hizo mbili zikaunganishwa. Posta ya pwani yetu ilianza baada ya hapo, kwa hiyo muhuri ambao mkazi wa Kwale atauona zaidi ni ule wa duara wenye tarehe ndani.

Muhuri huu unasomeka kwa utaratibu. Juu, kufuata ukingo wa duara, huandikwa jina la posta. Chini huandikwa jina la nchi au eneo. Katikati hukaa siku, mwezi na mwaka, mwezi ukifupishwa kwa herufi za Kiingereza kama vile JA, AU au DE, na mwaka ukiandikwa kwa tarakimu mbili za mwisho. Juu ya tarehe huenda pakawa na saa, au herufi moja tu kama A au B. Herufi hiyo haihusiani na mtu yeyote. Huonyesha mzunguko wa barua au muhuri uliotumiwa. Duara lenyewe huenda likawa la mstari mmoja au miwili.

Sehemu ya chini husaidia sana kukadiria wakati. Kabla ya 1920 nchi hii iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, na mihuri ya miaka hiyo hubeba maneno BRITISH EAST AFRICA au kifupi chake, B.E.A. Jina la Kenya lilianza kutumika rasmi mwaka 1920. Hata hivyo mihuri ya chuma haikutupwa siku jina lilipobadilika. Ilitumika hadi ilipochakaa au mpya ilipoletwa, kwa hiyo muhuri wenye jina la zamani juu ya stempu mpya kidogo si lazima uwe wa kughushi.

Kwa watu wanaokusanya mihuri, jina la posta ndilo lenye uzito. Mombasa na Nairobi ziligonga barua nyingi kila siku, na mihuri yake imejaa kila mahali. Posta ndogo ya pwani au ya kando ya reli iligonga chache. Stempu ile ile ya senti chache, isiyo na maana ikiwa na muhuri wa Nairobi, yaweza kutafutwa sana ikiwa na muhuri unaosomeka vizuri wa kituo kidogo, hasa ikiwa bado iko juu ya bahasha yake. Ndiyo maana anayenunua stempu kwa mkupuo, bila kutaka bahasha, ama hajui anachonunua au anajua zaidi ya anayemuuzia.

Watawala na sarafu

Anayetaka kujua kama muhuri na stempu vinapatana hana budi kujua stempu zilizotangulia na zilizofuata. Mpangilio wake si mgumu.

Posta ya Zanzibar ilikuwa mikononi mwa posta ya India kwa muda mrefu, kuanzia 1875 hadi 1895, na barua za wafanyabiashara wa pwani zilipitia huko zikiwa na stempu za India. Zanzibar ilitumia pia muhuri wa umbo la kipekee: duara la tarehe ndani ya mraba uliojazwa mistari kwenye pembe nne. Ukiuona mraba huo juu ya stempu ya kale ya India au ya Zanzibar, usiwe na haraka ya kuuza.

Upande wetu wa bara, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa na makao Shimoni ambayo jengo lake bado watu hulitembelea, ilifungua posta Mombasa na Lamu mwezi Mei 1890. Ilianza kwa stempu za Uingereza zilizochapishwa juu yake jina la Kampuni na bei ya anna. Zilipokwisha, stempu za India zikatumika kwa miezi michache, hadi zilipofika za Kampuni yenyewe, zenye taji na jua, mwezi Oktoba mwaka huo huo. Kampuni ilishindwa na mzigo wa kuendesha nchi, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikachukua. Huo ndio mwaka ambao vita vya Sheikh Mbaruk wa Gazi vilianza.

Baada ya hapo stempu hufuata wafalme. Malkia Victoria akiwa na simba pembeni ni wa 1896. Edward VII, mwenye ndevu, huanza 1903, na maandishi yake ni ya Himaya mbili, Afrika Mashariki na Uganda. George V, naye pia mwenye ndevu, huanza 1912. Mwaka 1922 zikatoka za Kenya na Uganda, na 1935 za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye picha: korongo wa Uganda, jahazi, simba, Kilimanjaro, Ziwa Naivasha. George VI, asiye na ndevu, huanza 1938, na Elizabeth huanza 1954. Stempu za uhuru wa Kenya zilitoka tarehe 12 Desemba 1963.

Sarafu nayo husaidia. Anna na rupia ni za mwanzo. Mwaka 1907 anna ziliondoka, rupia ikagawanywa senti 100. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 shilingi ikaingia, nayo pia ikawa na senti 100, kwa hiyo neno senti peke yake halitoshi kutofautisha. Lazima uangalie mfalme na jina la nchi.

Kalamu, wino wa zambarau na hati za shamba

Hapa ndipo wakazi wengi hukosea, na hapa ndipo penye hasara kubwa zaidi.

Stempu nyingi za kikoloni zilichapishwa maneno mawili, POSTAGE na REVENUE, maana yake ziliruhusiwa kulipia barua na pia kulipia ushuru wa serikali. Mtu aliyeuza shamba Msambweni, aliyetoa risiti ya fedha au aliyeandikisha mkataba alibandika stempu ile ile ambayo jirani yake alibandika kwenye barua. Tofauti ni namna ilivyofutwa. Ya barua ilifutwa na posta kwa duara la tarehe. Ya ushuru ilifutwa na mwenye hati, wakili, benki, karani wa mahakama au ofisi ya ardhi. Wakati mwingine ilipigwa mistari miwili ya kalamu na kutiwa saini na tarehe. Wakati mwingine ilipigwa muhuri wa mpira, mara nyingi wa wino wa zambarau, wenye jina la ofisi au la kampuni. Nyingine zilitobolewa matundu au kukandamizwa kwa chuma hadi karatasi ikavimba.

Mkusanyaji wa stempu za posta huiona ile ya ushuru kuwa ya thamani ndogo sana ikilinganishwa na ya posta, na tofauti hiyo hukua kadiri bei iliyoandikwa inavyopanda. Stempu za Kenya na Uganda za 1922 zilifika hadi pauni 100. Hakuna barua ya kawaida iliyogharimu pauni 100; stempu za namna hiyo zilikwenda kwenye hati za mali. Ukiona stempu ya pauni nyingi imefutwa kwa kalamu, fikiria mauziano ya ardhi au ushuru wa mirathi kabla ya kufikiria posta.

Tofauti hiyo ya bei ndiyo iliyozaa udanganyifu wa zamani katika biashara hii. Mtu huchukua stempu kubwa iliyofutwa kwa kalamu, huiosha wino kwa dawa, kisha huigonga muhuri bandia wa posta. Ukiiangalia chini ya kioo cha kukuza, au ukiiinamisha kwenye mwanga, mara nyingi alama ya kalamu hubaki kama mfereji mwembamba kwenye karatasi, au rangi ya stempu huwa imefifia kuzunguka muhuri mpya.

Lakini kwa familia, mambo ni kinyume. Stempu ya ushuru ambayo mnunuzi ataidharau ndiyo inayofaa kulindwa kuliko zote, kwa kuwa imeshikamana na hati. Eneo la pwani lilikuwa na sheria yake ya kuandikisha milki ya ardhi tangu 1908, na kuna familia ambazo bado zinashikilia makaratasi ya miaka hiyo na iliyofuata. Hati ikiwa na stempu yake, na stempu ikiwa na saini na tarehe iliyovuka hadi kwenye karatasi, vitu vitatu vinathibitishana. Hati iliyokatwa kona, ikabaki na tundu la mraba pale stempu ilipokuwa, huzua maswali ambayo mzee aliyeweza kuyajibu pengine ameshafariki. Stempu peke yake haithibitishi kwamba shamba ni la nani. Inachoonyesha ni kwamba karatasi ile ilikuwapo na ilishughulikiwa siku ile, na hilo si dogo katika kaunti ambayo mashauri ya ardhi huanzia kwa mababu.

Kuna kalamu moja ambayo haimaanishi ushuru. Kati ya 1891 na 1895 Kampuni ilipungukiwa na stempu ndogo pale Mombasa, na maofisa wake wakabadilisha bei za stempu nyingine kwa muhuri wa mkono au kwa kuandika bei mpya kwa kalamu na kutia herufi za majina yao, kama A.D., A.B. au V.H.M. Stempu hizo ni adimu mno, na kwa sababu hiyo zimeghushiwa mno. Anayeamini anayo mojawapo asiiguse na wala asiikubali bei ya mlangoni.

Namba bila mji

Baadhi ya mihuri haina jina la mji hata kidogo. Ina herufi na namba tu, na familia nyingi huiona kama haina maana. Hiyo mara nyingi ni mihuri ya jeshi. Mji ulifichwa ili adui asijue kikosi kiko wapi.

Vita Vikuu vya Kwanza vilifika kwetu mapema, Wajerumani walipovuka mpaka wakashambulia hadi Gazi mwaka 1914, na mwezi Januari 1915 yakapiganwa mapigano ya Jasini, mkabala na Vanga. Majeshi yaliyoletwa kutoka India yalikuja na posta zao za uwanjani, zenye muhuri wa F.P.O. na namba, na stempu za India zilizochapishwa herufi I.E.F. Waingereza walipoteka koloni ya Wajerumani, stempu za Afrika Mashariki na Uganda zikachapishwa herufi G.E.A. mwaka 1917. Familia za Lunga Lunga na Vanga zenye ndugu Tanga zinaweza kuwa na aina zote hizo katika bahasha moja na nyingine, pamoja na stempu za Kijerumani za pesa na heller, zenye muhuri wa DEUTSCH-OSTAFRIKA, na zile za Tanganyika zenye kichwa cha twiga zilizoanza 1922. Hiyo ni historia ya mpaka iliyogongwa kwa wino: ndugu wale wale, mto ule ule wa Umba, lakini posta ya serikali nyingine kila baada ya miaka michache.

Katika Vita Vikuu vya Pili askari wa Afrika Mashariki walipelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Barua zao hubeba muhuri wa posta ya jeshi la Afrika Mashariki, E.A. A.P.O. na namba, na mara nyingi pia muhuri wa mkaguzi wenye maneno PASSED BY CENSOR, au ukanda wa karatasi uliogundishwa pale bahasha ilipofunguliwa na kusomwa. Askari aliyekuwa kazini aliweza kutuma barua bila stempu, kwa hiyo bahasha isiyo na stempu kabisa, ambayo mnunuzi ataikataa, huenda ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Watu waliochunguza mihuri hii wameorodhesha namba nyingi pamoja na mahali posta hizo zilipokuwa. Namba na tarehe vikisomeka, mjukuu anaweza kujua babu yake alikuwa wapi duniani wiki ile, hata kama barua yenyewe inasema tu kwamba ni mzima na anawasalimu wote.

Meli, reli na mashine

Kilindini ilipokea meli kutoka pande zote, na barua iliyotiwa ndani ya meli ikiwa baharini ilifutwa bandarini. Hapo hugongwa neno la Kifaransa PAQUEBOT. Bahasha ya namna hii hushangaza: stempu ni ya nchi nyingine, tena pengine ya mbali, lakini muhuri ni wa Mombasa. Si kosa wala si udanganyifu. Stempu ilinunuliwa kwingine, barua ikaandikwa njiani.

Reli nayo ilikuwa na posta yake. Behewa la barua lilisafiri na makarani waliopanga na kugonga barua njiani, na muhuri wao hubeba herufi T.P.O. Wakazi wa Samburu, Taru na Mackinnon Road, ambao njia ya reli imepita kwao tangu ilipojengwa, wana sababu ya kuzitazama barua zao kwa macho mengine. Mackinnon Road penyewe paliwekwa ghala kubwa la jeshi la Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, na barua za wakati huo huenda zikawa na mihuri ya kiraia au ya kijeshi.

Barua ya rejista hutambulika haraka. Ina mistari ya buluu iliyovuka bahasha kwa wima na kwa ulalo, kibandiko chenye herufi R, jina la posta na namba, na muhuri ambao mara nyingi ni wa umbo la yai. Kile kibandiko cha R kina jina la posta lililochapishwa wazi hata pale muhuri ulipogongwa vibaya, kwa hiyo kukitupa ni kutupa jibu lenyewe.

Mashine za kugonga zilikuja kwenye posta kubwa zenye barua nyingi. Alama yake ni duara la tarehe upande mmoja na mistari ya mawimbi upande mwingine, au badala ya mistari, tangazo fupi. Hizi ni za kawaida sana.

Mwisho kuna mihuri iliyogongwa kwa kupendezesha tu. Duara limekaa vizuri mno kwenye kona ya stempu, gundi ya nyuma bado ipo, na hakuna dalili kwamba stempu ilibandikwa popote. Hiyo haikusafiri, ilifutwa kwa ajili ya wakusanyaji. Ni nzuri kutazama, bei yake ni ndogo. Na neno SPECIMEN lililochapishwa juu ya stempu si muhuri wa posta. Stempu hizo zilitolewa kama mfano kwa ofisi na serikali nyingine.

Kuikagua mwenyewe

Kioo cha kukuza cha bei nafuu na mwanga wa jua la asubuhi vinatosha kwa ukaguzi wa kwanza. Swali la kuanzia ni la kalenda: je, stempu ilikuwa imeshatoka siku iliyo kwenye muhuri? Stempu ya George VI yenye muhuri wa 1931 haiwezekani, maana hakuwa mfalme hadi Desemba 1936 na stempu zake za hapa zilianza 1938. Kinyume chake chawezekana, kwa kuwa watu walimalizia stempu za zamani. Swali la pili ni kama wino wa muhuri umeendelea kutoka kwenye stempu hadi kwenye bahasha bila kuvunjika. Duara likikatika ghafla kwenye ukingo wa stempu, basi huenda stempu imetoka kwingine ikagundishwa hapo. La tatu ni nyuma ya bahasha. Posta iliyopokea barua mara nyingi iligonga muhuri wake huko, na posta zilizoipitisha njiani pia. Barua iliyotoka Aden hadi Msambweni yaweza kuwa na mihuri miwili au mitatu nyuma, na tarehe zake hazina budi kufuatana. Na ikiwa anwani ina namba za posta za tarakimu tano, kama 80403 ya Kwale au 80400 ya Ukunda, bahasha hiyo si ya kikoloni hata kama imechakaa.

Mihuri ya kughushi ya makoloni ya Uingereza si jambo la jana. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa London na biashara nzima ya kutengeneza mihuri hiyo, ikijulikana kwa jina la Madame Joseph, na vifaa vyake vya kugongea vimeishia mikononi mwa chama cha kifalme cha wakusanyaji stempu cha huko, ambako hutumika kutambua bandia.

Matarajio nayo yawe ya kiasi. Stempu nyingi za miaka ya 1940 na 1950 zinazopatikana Kwale ni za kawaida, na uvumi wa stempu moja kujenga nyumba ya ghorofa Diani uachwe barazani. Penye thamani ni pachache: stempu za Kampuni, bei kubwa zilizopita kweli posta, mihuri ya vituo vidogo, barua za vita, na bahasha kamili zenye barua yake ndani.

Stempu isilowekwe majini ili kuibandua, kwa kuwa maji huondoa gundi, hufifiza baadhi ya rangi na hutenganisha muhuri. Selotepu isitumike kuunganisha karatasi iliyopasuka. Gundi yake hugeuka manjano na kula karatasi. Joto la pwani, chumvi na mende hufanya kazi haraka, kwa hiyo makaratasi yawekwe kwenye bahasha safi za karatasi, ndani ya kasha kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na mifuko ya plastiki inayotoa jasho. Kila bahasha ipigwe picha kwa simu, mbele na nyuma, na jina la aliyeandikiwa liandikwe pembeni kabla wanaomkumbuka hawajaondoka. Picha za hati za ardhi zisitumwe kwa mnunuzi asiyefahamika.

Anayetaka kuona mkusanyiko mkubwa wa stempu za Afrika unaomilikiwa na umma anaweza kwenda Nyaraka za Taifa, Nairobi, ambako umehifadhiwa ule wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Kwa walio karibu, ofisi za Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus, ng'ambo ya feri, ndizo za kuanzia kwa anayetaka ushauri wa kuhifadhi karatasi za familia. Na kwa hati yoyote ya shamba iliyo na stempu, iwe na kalamu, duara au wino wa zambarau, ofisi ya ardhi au wakili aione kwanza ikiwa nzima, kabla ya mnunuzi wa stempu.